Nimemficha Baba Kilichounguza Mashine ya Mama

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie na naomba usinicheke, maana jambo langu lina jenereta ndani yake na najua wanaokuandikia wana mambo ya ndoa na wivu na mawifi, lakini mimi hili limenishinda, na nikimtazama baba yangu machoni nageuza uso kama mwizi.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, nina chumba cha mbele kinachotazama barabara na nyuma ndiko anakoishi baba, na ndiko alikokuwa akiishi mama mpaka alipotutoka. Mama alikuwa mgonjwa wa mapafu, hospitali walimtibu hadi wakafika mwisho wa dawa zao wakasema tukae naye nyumbani na mashine ya oksijeni, ile inayovuta hewa ya chumbani na kuichuja, inakaa pembeni ya kitanda inanguruma na mpira wake unafika puani kwa mgonjwa, na mama aliizoea akawa anaitania, anaiita mke mwenza, anasema huyu mke mwenza wangu hanyamazi hata nikilala. Sasa mashine ile chakula chake ni umeme, na umeme wetu unakatika bila kuaga, ndipo baba akaleta jenereta, hizi ndogo za kubeba kwa mkono, za bei chee, akaiweka nyuma ya nyumba chini ya bati, akavuta waya mpaka chumbani kwa mama, na tangu siku ile umeme ukikatika hatukuogopa tena.

Baba naye nikueleze ni mtu wa namna gani, maana bila hivyo hutanielewa. Maisha yake yote alikuwa mwendesha injini kwenye kinu cha kusaga nafaka, mtaani wanamwita Pistoni, na hata leo akisikia gari linapita anakwambia linaumwa nini kabla halijakata kona. Kinuni alifundishwa kwamba injini haizimwi na mafuta kooni, unafunga koki ya mafuta halafu unaiacha imalize yenyewe yaliyobaki ndani, ikifa inakufa na koo safi na kesho ukivuta kamba inawaka, ukiizima kwa swichi mafuta yanaganda kwenye kabureta na kesho yake utavuta kamba mpaka bega likuchomoke. Kwa hiyo jenereta ya mama aliizima hivyohivyo kila siku, umeme ukirudi anafunga koki, anaiacha injini imalize, lakini mashine ya mama haichomoi, Shangazi, anaiacha imechomekwa kwenye jenereta mpaka injini inyamaze kabisa ndipo anahamishia plagi ukutani, na sababu yake alinieleza mwenyewe, alisema hataki mama yenu akose hewa hata kidogo wakati ile injini bado ina kitu cha kumpa.

Na alikuwa akishafunga koki anakuja ndani haraka, anakaa kitandani, anamshika mama mkono, wanaisikiliza pamoja inavyokwisha, inashuka, inapanda, inakohoa, inapanda tena kwa nguvu mpaka taa ya mezani inang'aa halafu inafifia, na mashine nayo inapiga mlio wake wa kulalamika, mama anacheka anasema mnamwona baba yenu, anaikamua jenereta kama ng'ombe. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni na tepu yangu shingoni nawatazama na moyo wangu unafurahi, nasema Mungu nijalie mume wa hivi.

Siku hiyo ilikuwa mchana tu, umeme ulirudi, baba akafunga koki kama kawaida yake akaja akakaa, injini ikashuka ikapanda, na ilipopanda mara ya mwisho tukasikia kitu kinalia tak ndani ya mashine na harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumba. Baba alihamishia plagi ukutani, mashine haikuwaka, akachomoa akachomeka tena, akaipiga kwa kiganja, haikuwaka. Tulikuwa na mtungi mdogo wa oksijeni wa akiba, tukamfunga mama ule tukampeleka hospitali, akafika akiwa anapumua, wakampokea, na baada ya siku chache akafia hukohuko. Daktari alituambia mapafu yalikuwa yamechoka. Baba alisema siku zake zilifika, akalisema kwa kila aliyekuja msibani, na mimi nililiamini na likanifariji.

Baada ya kuzika tukakubaliana mashine isikae bure, jirani yetu mwalimu mstaafu naye mapafu yamemshika, tukasema ikitengenezeka apewe yeye. Nikaipeleka kwa fundi anayetengeneza vyombo vya hospitali. Akaifungua mbele yangu, akanionyesha bodi imekuwa nyeusi, vile vidude vyake vimevimba kama mahindi ya kukaanga, akaniuliza jenereta yenu mlikuwa mnaizimaje, nami nikamweleza yote kwa majivuno, baba anavyofunga koki na anavyoiacha imalize, nikamweleza mpaka habari ya kushikana mikono. Fundi akaweka bisibisi chini. Akasema, "Dada, injini ikiwa inakufa umeme wake haufi taratibu kama mshumaa. Unaruka. Chombo chenye bodi kikiwa bado kimechomekwa, hapo ndipo kinapoungua." Nilitoka nikakaa kwenye ngazi ya duka la jirani yake, nikalia mpaka mwenye duka akaja kuniuliza kama nimeibiwa.

Niliporudi nyumbani baba alikuwa ananisubiri mlangoni, akauliza fundi amesema nini, na mimi Shangazi nikamjibu amesema mashine ilikuwa imechoka, muda wake ulikwisha. Akatikisa kichwa akasema sawasawa, kumbe na yenyewe. Basi. Nikaingia ndani nikaanza kukata kitambaa nikakata mkono wa shati mara mbili upande mmoja.

Sasa sikia lililonileta kwako. Fundi alibadilisha bodi, mashine ikapona, ikaenda kwa Mwalimu, na baba ambaye tangu msiba alikuwa haoshi hata uso mpaka umwambie, akafufuka. Umeme ukikatika anaweka jenereta kwenye toroli anaisukuma mwenyewe mpaka kwa Mwalimu, anaivuta kamba, anakaa naye wanaongea habari za zamani, na umeme ukirudi anafunga koki anaiacha imalize, na mashine imechomekwa. Mimi niko dirishani na cherehani yangu naisikia inashuka, inapanda, inakohoa, na mguu unakataa kukanyaga pedali. Nimemwambia mke wa Mwalimu, mama, chomoeni kwanza mashine kabla baba hajafunga koki, akaniambia mwanangu, wewe shona, injini mwachie baba yako. Nikaenda nikanunua kile kisanduku cha kulinda umeme wanachofungia mafriji, nikawapa kama zawadi, nikajua nimemaliza, kumbe kile kisanduku umeme ukicheza kinakata halafu kinasubiri muda mrefu ndipo kinarudisha, Mwalimu akabaki anahema bila hewa huku injini inanguruma nje, baba akaking'oa kwa hasira akakitupa kwenye beseni la vyuma chakavu, akaja akaniambia, "Zawadi yako ilitaka kumuua mtu wa watu."

Nilitaka kusema palepale. Nikarudi kwenye cherehani. Nimemshirikisha kaka yangu, anaishi mji mwingine, akaniambia funga bakuli lako, mama ameshakwenda na hatarudi, unataka tumzike na baba, na Mwalimu naye ana watoto wake watamwangalia. Kaka ana sababu, maana baba ana presha, na hiyo kazi ya jenereta ndiyo pekee inayomtoa kitandani asubuhi. Na tena naona uzee umeanza kumpitia, maana kila baada ya siku chache tukikaa kwenye chai ananiuliza tena, hivi yule fundi alisema nini vile, namjibu ilikuwa imechoka, anasema sawasawa, halafu siku nyingine anauliza tena kama vile hajawahi kuuliza.

Shangazi, mtu alimpenda mkewe mpaka tone la mwisho la mafuta, na tone hilo ndilo lililounguza. Nimwambieje mtu maneno haya? Nikinyamaza Mwalimu anaweza kufa na nitakuwa nimemuua mimi. Nikisema, baba ataishije? Nisaidie, maana sina mama wa kumuuliza.

Mimi,
Mshona sare

*

Mwanangu mshona sare,

Marahaba, na pole. Pole ya mama kwanza, halafu pole ya huo mzigo, maana umeubeba peke yako na si mzigo wa mtu mmoja. Barua yako sikuiweka kwenye foleni na za wenzako. Niliisoma nikapiga namba uliyoiandika nyuma ya bahasha, tukaongea, nikakwambia weka mkasi chini uende kwa Mwalimu sasa hivi, na kila umeme ukirudi uichomoe mashine wewe mwenyewe, na ukaenda. Wasomaji wajue hivyo wasije wakadhani nilikaa nakunywa chai wakati mgonjwa wa watu yuko kwenye hatari. Jina la utani la baba na mengine machache nimeyabadilisha, na umeniruhusu nichape. Sasa yaliyobaki ndiyo haya.

Nitaanza kwa kukugombeza ili tumalize. Ulimficha baba yako siku ya kwanza kwa huruma, hilo nalielewa, hata mimi ningejikwaa hapo. Lakini siku mashine ilipotoka mlangoni kwenu ikaenda kwa mgonjwa mwingine, huruma yako iliisha muda wake. Ulijua. Ukaona heri utume kisanduku kikaseme badala yako, na kisanduku maskini ya Mungu kilifanya kazi yake, kiliona umeme unacheza kikakata, nacho kikaitwa muuaji kikatupwa na vyuma chakavu. Ungesema wewe, kisingetupwa. Na kaka yako, aliye mbali na harufu ya ile plastiki, mwambie Shangazi anamsalimu, na anamuuliza kama watoto wa Mwalimu wana taarifa kwamba ndio wanaomwangalia, maana hakuna aliyewaambia wamwangalie nini. Mficha maradhi kifo humuumbua. Hilo tunaliimba kila siku, halafu likitufikia tunanong'ona.

Sasa niseme na wote wenye jenereta ndogo, maana barua hii si ya nyumba moja. Nimemuuliza fundi wa umeme ninayemwamini nisije nikawaongopea. Vyombo vyenye ubongo, mashine za wagonjwa, kompyuta, televisheni, cherehani za kisasa, havitaki umeme unaoyumba, na jenereta ya bei chee inayumba zaidi nyakati mbili, inapoamka na inapolala. Kwa hiyo iwasheni ikiwa haijabeba kitu, iacheni itulie, mkisikia sauti imenyooka ndipo mchomeke. Na kabla haijazimwa chomoeni kwanza kila kitu. Msiiache iishiwe mafuta ikiwa na chombo, maana kuishiwa ni kulekule. Msichanganye mashine ya mgonjwa na pasi au birika kwenye jenereta moja, pasi ikishtuka mashine nayo inashtuka. Ziko jenereta zenye inveta ndani, umeme wake umetulia, na anayeweza kupata hiyo kwa ajili ya mgonjwa asinunue nyingine. Kisanduku cha kulinda umeme ni kizuri, ila cha friji ni cha friji, kinachelewa kurudisha na mgonjwa hawezi kungoja, mwambieni fundi kifaa ni cha nani naye atawapa kinachofaa. Na jenereta ikae nje, mbali na dirisha, moshi wake unaua mwenye mapafu mazima, seuze mgonjwa.

Kwa Mwalimu mtafanya hivi. Umeme ukirudi, acheni kidogo muone kama umerudi kweli au umekuja kuchungulia. Mwalimu afungwe mtungi wa akiba, na mtungi huo uwe umejaa, si wa kupamba kona. Mashine izimwe, ichomolewe kwenye jenereta, ichomekwe ukutani, iwashwe, arudishiwe mpira wake. Jenereta ikishabaki tumbo tupu, haina mzigo wowote, hapo baba yako afunge koki na kuiacha imalize mafuta mpaka ife yenyewe kama alivyofundishwa. Umesikia? Baba yako hajakosea juu ya injini. Anayoijua anaijua. Kilichokuwa mwishoni mwa ule waya ndicho asichofundishwa, na kinuni hapakuwa na bodi.

Hayo ndiyo mepesi. Sasa tuje kwa mzee.

Unaniambia uzee umeanza kumpitia kwa sababu anakuuliza jambo moja mara nyingi. Mwanangu, nilisoma mstari ule nikaweka miwani mezani. Mzee huyohuyo anasikia gari barabarani na kujua linaumwa nini, anakumbuka namna ya kuzima injini aliyofundishwa ujanani, anakumbuka kuchukua toroli umeme ukikatika, halafu asahau jawabu moja la bintiye? Hajasahau. Anauliza kwa sababu jawabu ulilompa halijamtosha. Yeye alikuwa amekaa palepale kitandani, alisikia injini inapanda, akasikia ile tak ndani ya mashine, na kimoja kilifuata kingine hapohapo. Mtu wa injini hawezi kusikia vitu viwili vikifuatana hivyo asijiulize. Kila akikaa na wewe kwenye chai anagonga mlango, na kila siku unamwambia hakuna mtu ndani.

Naweza kuwa nimekosea, simjui baba yako. Lakini kama niko sahihi, basi hukumlinda na kitu. Umemwacha peke yake nacho.

Kwa hiyo utamwambia, na utamwambia wewe, si kaka kwa simu, si fundi, wala si mke wa Mwalimu aliyeanza kushangaa kwa nini siku hizi unakuja kuchomoa plagi. Zungumza kwanza na daktari wake wa presha, hakikisha dawa anakunywa, halafu chagua asubuhi, ameshakula, hakuna wageni. Usimtangulizie methali. Usimwite kikao cha ukoo. Kaa karibu naye na useme hivi au kwa maneno yako: "Baba, nilikudanganya. Fundi hakusema mashine ilichoka. Alisema iliungua kwa sababu ilikuwa bado imechomekwa wakati jenereta inakufa. Hukujua, na sisi sote tulikuwepo na hatukujua. Nilishindwa kukwambia." Hapo nyamaza. Usiongeze maelezo ya umeme. Akitaka atakuuliza mwenyewe, na huyo atakuuliza mpaka utachoka.

Anaweza kulia. Mwache. Sisi tuna tabia mbaya ya kuwanyamazisha wazee wetu, mzee akilia tunaona aibu sisi, tunamletea maji, tunamwambia jikaze wewe mwanamume. Usimwambie ajikaze. Anaweza kukasirika pia, akakuuliza ulikuwa wapi siku zote hizo, na hapo usijitetee, mwambie ulikuwa unaogopa. Anaweza akanyamaza asitoke chumbani. Basi wewe hamishia cherehani yako huko nyuma, ushone sare zako mlangoni pake, wateja watakufuata. Kaka yako naye apande gari aje. Presha haipimwi kwa simu.

Na akishaweza kusimama, umpeleke kwa yule fundi aliyeweka bisibisi chini, amfungulie mashine, amwonyeshe. Wenye mikono huelewa kwa kuona. Halafu ukimwona yuko tayari mwombe awe yeye wa kuwaeleza watu pale mtaani nini kichomolewe kwanza. Wewe wamekwambia ushone, na mimi nilipowahi kuwaonya watu juu ya injini nilijibiwa hivyohivyo, ila Pistoni akisema juu ya jenereta hakuna atakayembishia. Akikataa usimlazimishe. Pengine hatataka kuisikia injini ile tena maishani mwake, na hiyo ni haki yake, mtatafuta mtu mwingine wa kumsaidia Mwalimu.

Limebaki moja, na ndilo unaloliogopa, kwa hiyo nisikupite. Atakuuliza kama ndiye aliyemuua mama yenu. Labda hataliuliza hivyo, ataliuliza kwa mlango wa nyuma, atasema hivi mama yenu angekuwa na mashine siku ile, si angekuwepo. Utatamani kumwambia hapana, Baba, mama angekufa tu. Usimwambie hivyo. Na ukiwa na hasira, maana hasira unayo, mwanangu, nimeiona kwenye barua ingawa hukuiandika, utatamani kumwambia ndiyo. Hilo nalo usimwambie. Mama yako alifika hospitali akipumua, akakaa huko siku zake, na daktari aliyemwona alisema mapafu yalichoka. Wewe hujui zaidi ya hapo, na mimi sijui. Mwambie hujui. Halafu usiondoke.

Shangazi yako